Nilivyomsahihisha Mjukuu Hesabu

Mjukuu wangu ana kichwa, sifichi. Mimi niliachia shule darasa la tatu, lakini mtoto huyu nimemlea mimi, na nusu ya mtaa wetu wa Nyalenda inajua, maana nimewaambia mwenyewe pale bombani tukingoja maji.

Kwa hiyo siku ya wazazi nilifunga kitambaa kipya, nikakaa benchi la mbele kabisa. Mwalimu alikuwa anatafuta mtoto mmoja wa kupeleka mashindano ya hesabu. Kila mmoja angesimama na namba alizochagua, azieleze kwa dakika zake chache.

Wangu akasimama. "Moja, mbili, tatu, tano..."

Nikashtuka. Ameruka nne! Nikadhani ni woga. "Nne," nikamnong'oneza, ila mnong'ono wangu ni wa mwanamke aliyeuza samaki ufuoni Usenge miaka mingi. Watu wakageuka.

Akaendelea. "Sita, saba, kumi..."

Hapo nikasimama wima. "Nane na tisa umezipeleka wapi? Hesabu vizuri, mama, usiniaibishe!"

Darasa zima likacheka. Jirani yangu wa bombani akapiga makofi: "Haya, si ndiye profesa wako huyo?"

Mtoto akanitazama. "Dani," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "sihesabu. Hizi ni namba ambazo ukizivunjavunja mpaka zisivunjike tena, hakuna kipande kinachojirudia. Sita ni mbili mara tatu, inaingia. Nne ni mbili mara mbili. Mbili imejirudia, basi inatoka. Tisa hivyo hivyo, tatu mara tatu."

"Na nane?" Mungu wangu, mdomo huu.

"Mbili, mbili, na mbili tena, Dani." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Keti."

Nikaketi. Alipotaka kuendelea hakujua tena amefika wapi, na mwalimu akatazama saa. Akachaguliwa mtoto mwingine.

Njiani nilitembea nyuma yake, kitambaa nimekivua, nimekikunja mkononi. Nilitaka anigombeze. Hata angenuna tu, ningeshukuru. Badala yake alinipokea mkoba kama kila siku, kisha akasema polepole, bila kugeuka, "Dani, siku ya wazazi nyingine aje shangazi."

"Shangazi yako yuko kazini siku zote."

"Basi asije mtu."