Shimo Alilokuwa Akiliona Mke Wangu

Ndugu zangu, mmeniletea kiti kwa sababu ya mguu huu wangu. Asanteni, lakini niacheni nisimame. Kuna wakati nilidhani sitasimama tena.

Mimi ni Joram. Kwa miaka mingi niliendesha trela la miwa hapa Awendo. Mke wangu, Perez, ni mzaliwa wa Sindo. Alikuwa akianika omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, ufuoni, kisha anazileta kuuza sokoni kwetu, na hapo ndipo nilipompata. Alikuwa mtu wa usafi sana. Hata maji yakiwa haba, hangelala bila kuoga.

Ugonjwa wake uliingia polepole. Mboga ikawa na chumvi nyingi, kesho yake haina kabisa. Binti yetu Akinyi akawa anamwita kwa jina la shangazi yake aliyekufa. Siku moja wanawake wa sokoni walimleta Perez nyumbani wakimshika mkono, maana walimkuta mbele ya kibanda chake mwenyewe akiuliza ni cha nani. Wengine walisema ni chira, laana ya kuvunja mila. Daktari alisema ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, na kwamba haina dawa ya kuimaliza.

Niliacha kazi nimtunze. Nilijifunza kupika na kumvisha. Lililonishinda ni kumwogesha. Tukifika mlango wa bafu alishika fremu kwa mikono miwili, akalia, akanikwaruza. Alikuwa akijisaidia nguoni, na ngozi ya mapaja ikaanza kuchubuka, kwa hiyo sikuweza kumwacha hivyo. Nilimbembeleza. Nilimvuta. Dawa zangu za presha nilizisahau dirishani.

Asubuhi moja tukivutana pale mlangoni, mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Nilitaka kumwita jirani, ulimi ukawa mzito. Nilianguka. Mate yalinitoka upande mmoja wa mdomo na mkojo ukanitoka bila hiari. Perez aliketi kando yangu, akanifunika kwa leso yake, akaniuliza kwetu ni wapi. Hivyo ndivyo jirani alivyotukuta.

Hospitalini waliniambia ni kiharusi. Daktari alimgeukia Akinyi. "Mkimrudisha huyu mzee amtunze mama peke yake, mtazika wawili."

Akinyi ni mwalimu, anaishi Suna, akamchukua mama yake. Mimi nilibaki kujifunza upya kumeza uji, kufinya mpira, kuvuta mguu. Nguvu ziliporudi kidogo nilitaka mke wangu arudi. Ndugu wa ukoo wangu walisema afungiwe chumbani huko huko Suna, aletewe chakula tu. Akinyi naye alikuwa amechoka, kwa sababu bafuni mambo yalikuwa yale yale, na sasa mama alikuwa na vidonda.

Ndipo aliposikia kuhusu kliniki moja Homa Bay, tukaenda sote. Muuguzi wa pale, Sista Mercy, alitoa miwani kubwa inayoziba macho kabisa. Ukiivaa unaona mahali pengine kana kwamba uko huko, hata ukigeuza kichwa. Kwanza alimwonyesha Perez bahari ya nchi za mbali. Aliivua akaitupa. Sista hakukasirika. Akamwekea picha zilizopigwa Sindo, wanawake wakianika omena.

Perez alitulia. Mikono yake ikaanza kutandaza hewani.

"Geuza hizo za upande wako," akaniambia. "Zitaoza."

Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akisema maneno yaliyoshikana hivyo. Miwani ilipovuliwa alisahau, lakini uso ulibaki laini mpaka jioni.

Kisha Sista akasema, "Baba, sasa ni zamu yako."

Picha yangu haikuwa ya ziwani. Ilikuwa nyumba, jinsi mgonjwa anavyoweza kuiona. Nilifika mlango wa bafu. Sakafu nyeusi yenye maji, kama ya bafu letu, ilionekana shimo. Nyuma yangu sauti ilinihimiza niingie, na sikuijua ni ya nani. Nilirudi nyuma nikashika meza, jasho likinitiririka.

Nilimuuliza Sista kama ndivyo mke wangu anavyoona. Alisema hakuna anayeweza kuwa na hakika, ila wengi huogopa sakafu nyeusi.

Perez alirudi Awendo, na Akinyi akapata mama mmoja wa kunisaidia. Bafu tuliliacha. Niliweka beseni uani nyuma ya mabati, juani, juu ya mkeka mweupe. Nikaketi, nikatia mikono yangu kwanza. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akachukua sabuni, akaniosha mkono huu mbovu, kidole kimoja kimoja. Kisha akaanza kujiosha.

Namshukuru Mungu, Sista Mercy, na binti yangu. Ninyi mnaotunza wagonjwa, mezeni dawa zenu na mkubali kusaidiwa. Mgonjwa akikataa kuingia mahali, kabla hujamvuta, simama aliposimama utazame anachotazama.

Perez hajapona, na hatapona. Jana aliniuliza kama nina mke. Nilimwambia ninaye, nampenda sana. Akaniambia basi niende nyumbani mapema, mke wangu asije akaningoja.