Bendera ya Jirani Yetu

Juzi nilikuwa kwenye treni. Tulipofika kituo cha Selly Oak akapanda mwanafunzi wa Kijapani na mfuko wa kitambaa wenye alama ya mji fulani, duara jekundu na mabawa mawili. Sikusikia chochote moyoni, ndugu yangu. Nilipitiliza tu kituo changu nikiutazama ule mfuko.

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa, tukikaa mtaa wa Northfield, huku kwa Waingereza, miaka ya elfu mbili na kitu. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Tanga kunilea. Baba alikuwa akirudi kutoka kiwandani jioni, anakula, analala. Baada ya maziko jina la mama halikutajwa tena nyumbani. Hakuna aliyekataza, lilikoma tu. Mimi nilikuwa siumwi, silii, nakula ninachopewa.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa Kijapani, mwalimu wa lugha yake chuoni. Alasiri, bibi akiwa anachambua mchele na vitunguu vikinukia nyumba nzima, nilikuwa nikienda kwa jirani. Jikoni kwake alikuwa ametundika bendera ndogo ya mji aliozaliwa. Kwao, alinieleza, kila mji una alama yake, na mara nyingi huchukuliwa herufi ya jina la mji, ikapindwa mpaka ikafanana na kitu cha mahali pale. Yao ilikuwa wimbi. Kwenye alama nyingine, duara ni watu kupatana. Mabawa ni kusonga mbele. Alinipa daftari na penseli za rangi, nikachora alama nyingi kweli.

Siku moja nilimkuta na barua ya kaka yake. Mji wao ulikuwa umeunganishwa na mingine mitatu. Jina limefutwa, bendera imeteremshwa.

"Una huzuni?" nilimwuliza.

"Sijui. Nyumba zipo, bahari ipo. Nangoja nisikie kitu, sisikii."

"Mimi pia," nikasema. "Kwa mama."

Hakunikumbatia. Alinisogezea daftari. "Jina lake linaanza na herufi gani?"

Niliipinda S ikawa mvuke unaopanda kutoka kwenye sufuria ya uji, nikaizungushia duara. Nyumbani bibi akauliza, "Hii nini, mjukuu wangu?" Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu: "Mum."

Bibi akaketi, mwiko mkononi. "Salma," akasema. "Salma mwanangu."

Aliibandika ile karatasi kwenye mlango wa jikoni. Baba aliporudi alisimama mbele yake, koti bado mwilini.

"Uji wake ulikuwa mzito mno," alisema mwishowe.

"Nilimfundisha mimi," bibi akajibu. Wakacheka kidogo, kisha wakacheka tena. Jioni ile tulimzungumzia mama mpaka chakula kikapoa.

Jirani alirudi kwao mwaka uliofuata. Aliandika mara moja tu, akatuma picha ya alama ya mji mpya. Rangi zake nzuri, alisema, ila maana yake haijui na hajauliza. Baba alioa tena, tukahamia Sutton Coldfield, na karatasi yangu ikapotea wakati wa kuhama. Bibi alirudi Tanga, akafia huko. Sasa nina mume na watoto, wananipenda. Jina la mama yangu wamelisoma kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Ni miaka sasa sijamsikia mtu akilitamka.