Anayecheka Kaburini

Juzi nilikuwa Tabora mjini, kwenye kibanda cha kuingizia filamu kwenye flashi, akaja mama mmoja anatafuta kipindi cha zamani cha televisheni. Kipi? "Kile cha msiba. Watu wanalia, mmoja anacheka kaburini."

Mwenye kibanda alinitazama mimi kwanza. Wateja huomba hivyohivyo, bila jina wala mwaka, lakini ombi hili lilinuka. "Mama, cha nini?"

"Nataka niione sura yake, nimtafute."

Siku hizi ukisema unamtafuta mtu, tunakuona umeshika panga. Nilisogeza kiti changu mlangoni. Jamaa akafunika kompyuta kwa kitambaa. "Sina."

"Ni mtani wetu, Mzaramo," mama akasema taratibu. "Televisheni ilimrekodi tulipomzika babu, akimchekesha baba mpaka akakubali kula. Kesho tunamzika baba, kule Kigwa, na sisi Wanyamwezi hatuna mtani hata mmoja wa kututania pale msibani."

Jamaa akachukua funguo zake mezani.

"Mimi Mzaramo. Msimfukie kabla sijafika. Mnyamwezi hata kufa hajui mpaka aelekezwe."

Mama akacheka, ndipo akalia. Mimi nikarudisha kiti mahali pake, polepole, nikiomba asiwe ameniona.