Babu Ndani ya Plastiki

Jirani yetu mwenye steshenari ana ugonjwa mmoja: karatasi ikimfikia tu, anaipiga lamineshi. Kadi ya kliniki ya mkewe, ratiba ya mgao wa maji, hata barua ya kufukuzwa kazi, vyote vinang'aa kama vimetoka kuoga. Akimaliza anaipiga kikofi. "Hii hata mafuriko hayaiwezi," anasema, utadhani kajenga daraja.

Juzi nikamsindikiza ubalozini kuomba uraia wa nchi ambayo babu yake aliihama. Ushahidi wake wote ni cheti kimoja cha kuzaliwa cha huyo babu, na we unajua kilivyokuwa kinateleza. Karani akakigeuzageuza. "Mzee, muhuri lazima tuuguse. Chenye plastiki hatupokei. Huna kingine?"

"Ofisi iliyokitoa iliungua, mama."

"Basi kibandue. Maombi mwisho leo saa tisa."

Tukakaa kwenye benchi, yeye anakwangua kwa wembe, mimi utani wote umenikauka. Plastiki ikatoka nzima, na jina la babu likatoka nayo. Akaiinua kwenye mwanga, karatasi tupu mkono wa pili.

"Huyu mzee bwana," akasema, "kahama tena."