Mbuzi wa Mama wa Hoteli

Mchana mmoja hapa Kakuma, mchinjaji wa hoteli ninakokula hakutokea, nasi wateja tuna njaa. Mwenye hoteli, mama wa Kisomali, akakaza mtandio wake na kuchukua kisu amchinje mbuzi mwenyewe.

"Mwanamke hachinji," dereva mmoja wa lori akafoka. "Hiyo nyama mimi sili."

Sheikh aliyekuwa akinywa chai akamjibu, "Dini haimkatazi."

Mama akamnyooshea dereva mpini. "Haya, wewe mwanaume. Chinja."

Dereva akarudi nyuma. Mwishowe alishika miguu ya mbuzi, macho ameyafumba, mama akasoma bismillahi na kumaliza kazi.

Madereva wenzake walipofika kutoka Lokichoggio, walimkuta akitafuna ubavu. "Kuleni bila wasiwasi," akawaambia. "Huyu nimemchinja mwenyewe."

Mama akamwongezea supu. Sisi wanaume bwana, tukishika miguu tu, tumeshachinja.