Mama Ametoka Kidogo

Mzee niliyekuwa nikimtunza ughaibuni, kule Adelphi, hakuwa na subira na watu, ila na besiboli alikuwa nayo tele. Kila asubuhi, nikishamvisha soksi, nilimsomea matokeo gazetini. Yeye na rafiki zake walikuwa na ligi yao ya karatasini: kila mmoja huchagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, na wanavyocheza uwanjani ndivyo anavyopata pointi. Niliona ni mchezo wa watu wasio na shida. Lakini kazi ni kazi, nikasoma.

Katikati ya msimu mrushaji mpira wake bora akaumia kiwiko. Gazeti likasema ni maumivu madogo, atarudi karibuni. Wiki iliyofuata likasema vilevile. Mzee akataka nimpigie simu rafiki yake, wabadilishane: amwachie mrushaji huyo, yeye apewe kijana anayechipukia ambaye hata ligi kuu hajaifikia. Nikamwambia asiwe na haraka, mbona wanasema anaendelea vizuri.

“Usisikilize wanachosema,” akaniambia. “Tazama nani anasema. Mwanzo alisema mwenyewe. Halafu kocha. Sasa daktari. Yeye yuko wapi?”

Nikampa kikombe chake cha dawa, nikampigia simu rafiki yake.

Kila Jumapili nilinunua kadi ya simu katika duka la Langley Park nikapiga Tanga, nyumbani kwa baba mdogo. Mama, mgonjwa wa presha, alikuwa akiningoja pale, na swali lake la kwanza ni nimekula nini. Kisha akaanza kupokea dada: mama amelala. Halafu baba mdogo: mama ametoka kidogo, anakusalimu sana. Jumapili iliyotangulia siku ile alipokea mjomba, ambaye sikuwa na mazoea naye, akanihimiza nimshukuru Mungu kwa kila jambo.

Kwetu mtu aliye peke yake ugenini hapewi msiba kwa simu. Hutafutwa watu wa kwenda kumkalisha na kumpa habari ana kwa ana. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunasema, na bado tunaficha. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mmoja wa waliotumwa, kwa mwenzetu wa Beltsville. Nilibeba chupa ya chai.

Basi nikangoja. Nilifua, nilikwenda kazini, nilisoma gazeti. Likatangaza kwamba mrushaji atapasuliwa, msimu wake umekwisha. Mzee alikuwa ameshambadilisha. Nilitazamia machozi, hayakuja, na hilo lilinikasirisha kuliko yote.

Jumamosi wakaja kina mama watatu wa kwetu bila kupiga simu, mmoja na chupa ya chai. Wakavua viatu, wakaomba maji. Mkubwa wao akanishika mkono. “Mwanangu, keti kwanza. Mama hali yake si nzuri.”

“Amezikwa lini, mama?”

Akawatazama wenzake. “Mwezi uliopita.”

Nikaenda jikoni kuwaletea maji. Mwezi mzima nilikuwa nikimpelekea salamu, na wao wakiniletea zake.