Mita Tuliyoiita Mwalimu

Sijawahi kununua mita mpya ya kupimia umeme, na sioni haya kulisema. Mita mpya ina raha gani? Unaitoa kwenye boksi, inafanya kazi, basi. Iliyotumika ina mambo yake: nani aliifungua, alitafuta nini humo ndani, na kwa nini alirudishia skrubu mbili tu. Mke wangu husema nikiona skrubu vidole vinaniwasha, na hajakosea.

Ile kubwa ya mezani niliinunua hapa hapa Dodoma, kwa mtu anayeuza vifaa vilivyoondolewa maofisini na maabara. Ilikuwa nzito kama tofali, vumbi jekundu limejaa kwenye matundu ya hewa, na ilionyesha volti kwa tarakimu tano. Tarakimu tano, jamani! Pale pale nikaomba betri ya saa ya ukutani, nikaipima. Ikasoma moja nukta tano na mikia yake, imetulia tuli. Nikalipa kabla hajabadili mawazo.

Nikaiweka kwenye kibanda changu Nkuhungu, na mafundi umeme wakaibatiza jina la Mwalimu. Kila Jumamosi asubuhi walikuja na mita zao za mkononi kuzilinganisha nayo. Ikitofautiana, naifungua, nazungusha kiskrubu cha ndani mpaka ikubaliane na Mwalimu. Vyeti sikuwa na mamlaka ya kutoa, na wala hawakuvitaka. Walitaka tu kuambiwa, "Yako iko sawa." Nami nilipenda mno kulisema hilo, kichwa kikanivimba.

Miongoni mwao alikuwepo fundi mmoja mwanamke kutoka Bahi, anayetunza umeme wa jua wa zahanati ya kwao. Mita yake ilikuwa ya siku nyingi lakini ameitunza, anaifunga kwenye kitambaa safi. Jumamosi moja nikamwambia inasoma juu kuliko Mwalimu.

"Hii haijawahi kunidanganya, kaka," akasema.

Nikamcheka. "Unabishana na Mwalimu?" Nikazungusha skrubu mpaka ikashuka.

Miezi mitatu baadaye akarudi siku ya kazi, hana salamu ndefu. Betri za zahanati zilikuwa zimechemka mpaka zikakauka maji, na chumba cha kujifungulia kilikuwa kinamulikwa kwa tochi za simu. Mganga mfawidhi alikuwa amemtaka alete maelezo kesho yake, la sivyo kazi anapewa mwingine.

"Nilipotoka hapa kwako nikakuta chaja inasoma chini," akasema. "Nikaipandisha mpaka kumi na nne nukta nne, inavyotakiwa. Sasa nimekosea wapi?"

Nikailinganisha mita yake na Mwalimu. Zilikubaliana kabisa. "Mita haina kosa, dada," nikamwambia, na nikamwona anavyonywea. Ningeweza kuishia hapo. Lakini jambo lile lilinikera kama kibanzi kidoleni, kwa sababu betri za namna ile hazichemki kwa volti kumi na nne nukta nne.

Akamtazama Mwalimu. "Na hii ulipoinunua uliipima na nini?"

"Betri ya saa."

"Moja?"

"Moja."

Akaniambia mama yake anauza mchele Bahi, na debe geni likiingia sokoni hawaliamini hivi hivi. Hulijaza kwa kopo, moja moja, wakihesabu, waone linameza kopo ngapi. "Lete betri kumi," akasema.

Nikazinunua duka la jirani. Nikapima moja moja, yeye akiandika kwenye kipande cha boksi. Jumla ikaja volti kumi na sita kasoro kidogo. Tukazipanga mstari ndani ya bomba lililopasuliwa, tukazibana, nikagusa ncha mbili. Mwalimu akasema kumi na tano na robo.

"Lahaula!" Nikapima tena, na tena.

Nikaifungua nikiwa na hamu ambayo hata aibu haikuizima. Kumbe vipimo vidogo vilikuwa na njia yao, na njia hiyo ilikuwa nzima kabisa. Vikubwa vilipitia rezista maalumu, vile vidude vya kupunguza umeme, na fundi fulani kabla yangu alikuwa amechomoa moja akapachika ya redio, ndiyo maana vikasomeka chini. Kwa dakika nzima nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kama mtoto, namwonyesha, "Ona! Ona hapa!"

Alikuwa haangalii rezista. "Kwa hiyo yangu ilikuwa sawa," akasema.

Furaha ikaniisha. "Ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeiharibu: niliishusha, nawe ukapandisha chaja kupita kiasi."

"Na za wenzangu?"

Nikaanza kupiga simu. Kila aliyepokea nilimwambia asiiamini mita yake, na mmoja alinitukana, nikamwacha amalize.

Kesho yake tukaenda Bahi pamoja. Mganga mfawidhi ni mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, nikapanga betri zangu kumi juu ya meza yake, nikamfanyia lile jaribio kwa Mwalimu. Nilimweleza kwamba kosa ni langu, na gharama ya betri za zahanati nitaibeba mimi.

"Sasa kazi hii nimwachie nani?" akauliza.

"Huyu huyu, mzee. Ndiye aliyegundua. Mimi nilikaa na ile mita mwaka mzima sikuona kitu."

Akamsukumia yule dada funguo za chumba cha betri.

Mita ya yule dada ilibaki kurudishwa ilivyokuwa. Akaifungua pale pale mezani, nami nikanyoosha mkono kuichukua, kwa mazoea tu. Akaivuta kwake.

"Hapana, kaka. Wewe shika betri."

Nikashika betri. Akazungusha kiskrubu mwenyewe, polepole, mpaka hesabu ya kumi ikalingana na ile jumla ya moja moja aliyoisoma Mwalimu. Halafu akatoa rangi ya kucha mkobani, akadondosha tone moja juu ya kile kiskrubu kisizungushwe tena, akalipuliza mpaka likakauka.